Kibanja cha Mama Ndani ya Faili

Picha zilizonitoa kwetu nilizichapa mwenyewe. Nilizichapa kwa printa yangu, kwenye karatasi nene ninayowawekea wateja wazuri, nikazitia katika bahasha ya kaki na kumkabidhi mdogo wangu wa kiume, aliyeniambia anakwenda kumwonyesha fundi. Zilikuwa tano. Nikamuuliza kama atakunywa chai kwanza, akasema ana haraka. Nilimsindikiza hadi mlangoni nikampungia mkono kama mjinga.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana hata ndugu zangu hawajawahi kuielewa, na wale walioielewa ndio walionimaliza. Nina kiduka Kayanga, hatua chache kutoka stendi. Mbele natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi. Nyuma ya pazia kuna kompyuta yangu kubwa, na hapo ndipo ninapotengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mtu anakuja na ramani ya fundi, mistari mitupu ambayo mke wake haoni kitu ndani yake. Mimi namtolea picha yenye bati la rangi, madirisha, baraza na jua la saa nne asubuhi, utadhani mtu kasimama getini akaipiga kwa simu. Wengi wakishaiona ndipo wanapata nguvu ya kufyatua matofali.

Siri ya kazi hii ni kwamba huanzi upya kila mara. Ndani ya kompyuta kuna kitu tunachokiita faili la mandhari. Faili hilo si picha, ni maelezo tu, yameandikwa mstari kwa mstari: jua liko hapa, ardhi inateremka hivi, mti fulani umesimama pale, kamera inatazama kutoka huku. Ukishakuwa nalo, unatoa nyumba ya mteja wa jana, unaweka ya mteja wa leo, unaiambia kompyuta irende, yaani ipike picha, halafu unakwenda zako kula. Umeme usipokatika, baada ya saa mbili tatu picha imeiva. Ardhi ni ile ile, miti ni ile ile, kilichobadilika ni nyumba. Kila anayefanya kazi hii popote duniani anafanya hivyo, na hakuna anayemwita mwenzake mwizi.

Mwanzoni nilitumia faili la kuazima, nililolipakua mtandaoni. Lilikuwa na bustani ya watu wenye nafasi: nyasi zimekatwa kama zulia, minazi miwili, na migomba michache ya pambo. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mwalimu mstaafu wa Ndama. Nilimgeuzia skrini nikisubiri sifa. Akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Waitu, binti, nyumba ni yangu. Lakini hapa si kwetu. Hii migomba nani kailima? Chini hakuna nyasi, mikungu haikuegemezwa. Watu watasema mwalimu kajenga vizuri ila ni mvivu."

Nikajitetea kwamba ni mfano tu. Hakunisikia. Alikuwa amesogeza pua hadi kwenye kioo.

"Na hii ya mlangoni ni embire kabisa. Nani anapanda migomba ya pombe mlangoni kwake? Mimi ni mzee wa kanisa."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, lakini mwalimu aliondoka bila kuchukua picha. Aliyemfuata alilalamikia minazi. Wa tatu, mama mmoja muuza vitenge, aliniambia nyumba imekaa kama imepotea njia. Ndipo nikaelewa kwamba watu wa huku wanalisoma shamba kabla ya kuisoma nyumba. Mgomba kwao una jina, una umri, na una mwenye kulaumiwa. Nikaamua kutengeneza faili langu mwenyewe, na kwa kuwa mtu huchota anapopajua, nilikwenda kuchota nyumbani.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kwa mama, Kiruruma. Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa kule Kyerwa, ndoa ambayo sitaieleza hapa zaidi ya kusema kwamba niliondoka na begi moja na kompyuta mpakato. Baba alikuwa ameshafariki, amelala pale pale kibanjani nyuma ya nyumba, walipolala wazazi wake pia. Kibanja kwetu si shamba tu. Ni nyumba, migomba, mibuni na makaburi, vyote vikiwa ndani ya mpaka mmoja uliopandwa milamula, ile mimea yenye majani marefu ambayo mtu akiing'oa ni kesi. Mwezi wa kwanza tu tangu nirudi, mama alinishika mkono asubuhi moja, akanipeleka upande wa chini penye mibuni mitatu ya zamani, akasema, "Hapa ndipo utakapojenga chako. Binti aliyerudi naye ana kwao."

Aliyasema hayo mbele ya mdogo wangu, na mdogo wangu akaitikia, "Sawa, mama." Karatasi haikuandikwa. Nani anamwandikisha mama yake karatasi?

Mtu ambaye hajawahi kurudi kwao na begi moja hawezi kujua kipande kile kilikuwa na maana gani kwangu. Binti aliyeachika anakaa kwao kama mgeni asiye na tarehe ya kuondoka. Wanamsalimia vizuri, halafu wanamuuliza shemeji hajambo. Kipande cha ardhi kinaufunga mdomo wa kila mtu. Ukiwa na mahali unapoweza kupanda mgomba wako, ukamwona mtoto wake, ukamwona mjukuu wake, hakuna wa kukuuliza unaondoka lini.

Basi nikakiingiza kibanja kwenye faili, chote. Ilinichukua wiki tatu. Mdogo wangu alinishikia futi, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, anaruka juu ya nyasi za kutandazia akiita namba kwa sauti ya mnadani. Nilipiga picha kila mgomba ulio karibu na nyumba, kutoka pande nne. Ile ya mbali niliitengeneza saba tu na kuirudiarudia, ndivyo tunavyofanya, lakini ya karibu mama alikataa isichanganywe. Alitufuata nyuma akieleza: huu alipanda baba yenu mdogo mwaka aliooa, huu ulianguka kwa upepo ukainuliwa, hii ni nkonjwa, ya kuchoma, usiiweke na ya kupika. Jioni alikaa kwenye kigoda mbele ya kompyuta yangu akasahihisha kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Huo umeuinamisha mno. Bado haujazeeka hivyo." Nilimwonyesha jinsi ya kuzungusha shamba kwa kidole akacheka, akalizungusha mpaka nikamwambia atapata kizunguzungu.

Kaburi la baba pia nililiweka, na saruji yake na msalaba wake. Halafu ilipofika siku ya kumwekea mteja nyumba, nikalizima. Naomba nieleweke hapa. Kuzima si kufuta. Unaweka alama kwenye mstari mmoja wa faili na kompyuta inakiruka kitu hicho. Ukiitoa alama, kinarudi palepale kilipokuwa. Nikaizima na nyumba ya mama, ili nyumba ya mteja ipate pa kukaa. Nilimweleza mama yote hayo, mdogo wangu akiwa amekaa kwenye mkeka anamenya ndizi. Na mama akasema, nakumbuka maneno yenyewe, "Umefanya vizuri. Baba yako asilale kwenye ua wa watu."

Mwalimu wa Ndama aliporudi, nilimfungulia picha mpya. Hakuvaa hata miwani. Akasema, "Sasa hapa ni kwetu." Akachukua nakala tatu.

Baada ya hapo sikuwa na siku ya kupumzika. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa kahawa, watu waliotoka Ngara na Kibondo wakanunua viwanja huku, wajane wenye watoto Dar es Salaam. Wote niliwajengea nyumba zao ndani ya kibanja cha mama, na wote waliona ni kwao. Picha zilitundikwa sebuleni, zikapigiliwa misumari kwenye miti ya ujenzi, zikasambazwa kwenye makundi ya simu. Moja niliibandika kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kayanga kama tangazo. Mdogo wangu aliniletea wateja yeye mwenyewe. Alikuwa na utani wake: "Mama ana wapangaji wengi kuliko mtu yeyote Karagwe." Tulicheka wote, hata mama.

Mambo yalibadilika nilipoanza kukusanya mawe. Nilikuwa nimepata nguvu kidogo, nikaleta tripu mbili za mawe ya msingi, zikamwagwa karibu na mibuni mitatu. Hadi siku hiyo kipande changu kilikuwa maneno ya mama. Mawe yaliyageuza maneno kuwa kitu. Mdogo wangu alikuwa anachumbia, na wazee wa upande wa binti walikuwa wamekuja kutembea na kuuliza, kwa adabu, mtoto wao atawekwa wapi. Mdogo wangu ndiye omusika, mrithi mkuu wa baba. Nyumba kubwa na kibanja chote cha juu vilikuwa vyake bila mjadala. Lakini nyumba kubwa ina mama ndani yake, na bibi harusi wa siku hizi hataki jiko la pamoja. Mdogo wangu akayatazama mawe yangu. Nilimwona akiyatazama, nikadhani anapiga hesabu ya kunisaidia.

Wiki hiyohiyo ndipo alipokuja dukani kuomba picha tano. Alizichagua mwenyewe kwenye skrini. Sasa najua alikuwa anatafuta zile ambazo mibuni mitatu inaonekana wazi.

Jumapili nilitoka kanisani na mama. Njia nzima alizungumza habari za kwaya, jinsi sauti ya tatu ilivyolegea. Tulipofika nyumbani tukakuta viti vimepangwa uani na wanaukoo wameketi, watu kumi na wanne, baba yangu mdogo akiwa katikati. Nikadhani kuna msiba. Nikawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, nikiangalia ni nani hayupo.

Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikapitishwa, kama kawaida ya kikao. Kila mtu akachukua punje zake. Aliyekaa kulia kwangu akampa aliyekaa kushoto kwangu, mkono ukapita mbele ya kifua changu. Nikajua hakuna msiba. Msiba ni mimi.

Baba mdogo si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu yeye hakunisaliti, yeye aliamini. Alitoa picha kwenye bahasha yangu ya kaki, akaiinua moja juu.

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Ya mteja wangu, baba mdogo. Mwalimu mmoja wa Ndama."

"Na hapa ni wapi?"

"Hapo ni kwetu."

"Kwa hiyo mtu wa Ndama anajenga kwetu."

"Hapana, anajenga Ndama."

"Sasa mbona mgomba nilioupanda mimi kwa mkono wangu uko mbele ya dirisha lake?"

Watu wakaguna. Akainua ya pili, ya muuguzi. Ya tatu, ya mfanyabiashara wa kahawa, ghorofa moja yenye nguzo, imekaa kando ya mibuni mitatu. Kwa kila moja niliulizwa mwenyewe ni nani na ni mtu wa ukoo gani. Ningewezaje kuwalaumu? Wao wanaujua mgomba kama unavyomjua mtu kwa mwendo. Kwa macho yao, kibanja cha ukoo kilikuwa kimeshapangiwa watu baki watano, na mawe ya msingi yalikuwa pale chini, yamelala, wakayaona. Walisema ni mawe ya mteja wa kwanza.

Kisha baba mdogo akaweka picha zote mapajani, sauti yake ikashuka. "Na kaka yangu umemweka wapi?"

Nikakumbuka kaburi. Katika picha zote tano hapakuwa na kaburi. Hapakuwa na mama pia, wala nyumba yake. Palikuwa na majani mazuri ya kijani na baraza la mtu mwingine.

Nilisema nitawaonyesha. Nilikimbia ndani nikaleta kompyuta mpakato, nikaiweka kwenye meza ndogo, nikafungua faili. Nikaondoa alama, kaburi likatokea. Nikaweka alama, likapotea. Nikatoa nyumba ya mwalimu, nikaweka ya muuguzi, nikatoa ya muuguzi, nikarudisha ya mama. Nilikuwa naongea haraka, najieleza kama mtu aliyekamatwa sokoni: ni maelezo tu, baba mdogo, ni mandhari, ninayatumia tena na tena, hakuna aliyeuziwa hata futi moja. Nilipoinua macho, nyuso zilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Shangazi mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Kumbe unamtoa na kumrudisha kwa kidole," alisema baba mdogo. "Mtu anayeweza kumtoa baba yake kaburini kwa kidole, ardhi itamshinda?"

Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno. Siku ile liliharibika mbele ya watu kumi na wanne, na mimi ndiye niliyekuwa naliharibu kwa kulieleza.

Nikamgeukia mdogo wangu. Nilimwita kwa jina lake la utoto ambalo ni mimi tu ninayelitumia. Nikamwambia, "Waeleze. Wewe ulinishikia futi. Wewe uliwaleta nusu ya wateja hawa dukani."

Alisimama kwa heshima, mikono nyuma. "Wazee wangu, ni kweli nilimshikia futi. Aliniomba, ni dada yangu. Sikujua anapima ya nini."

Sijawahi kusikia uongo uliosemwa kwa upole namna ile. Hata hakunikwepa macho. Nilitaka kumrukia, na ningemrukia, nina mikono myepesi tangu utoto, lakini nilikuwa na shahidi mmoja bado, na nilijua kwamba huyo akisema neno moja tu, kikao kimekwisha. Nikasema, "Mama. Mama yuko hapa. Yeye alikaa na mimi siku zote. Mama, waambie."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko, miguu ameikunja upande. Alinyoosha kitenge chake gotini. Akatafuna punje yake ya kahawa, akaimeza.

"Mimi ni mtu wa jembe," alisema. "Mambo ya kompyuta siyajui."

Hakusema zaidi. Hakusema nimeuza, hakusema sijauza. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akatangaza kwamba ili kibanja kisipotee, upande wa chini utakuwa chini ya omusika, na mimi nitakaribishwa kwetu wakati wowote kama binti wa nyumba anayekuja kutembea. Wakasema waanze kuweka mpaka mpya kabla jua halijazama. Mdogo wangu akaleta jembe. Wakakata vishina vya milamula kutoka mpaka wa zamani wakavichomeka kwenye mstari mpya, mibuni mitatu na mawe yangu vikabaki upande wake. Mlamula hauna shida, ukiuchomeka unashika. Mama alichukua ufagio akaanza kufagia maganda ya kahawa uani, na mimi nilifunga kompyuta nikaingia ndani kukusanya nguo.

Nilipanga chumba Kayanga. Muuguzi wangu, yule wa picha ya pili, alipopata habari alikasirika kuliko mimi, akaniambia niende baraza la ardhi la kata, yeye na wenzake wote watakuja na hati za viwanja vyao kuthibitisha kwamba wanajenga kwingine. Alikuwa na haki, ningeshinda. Lakini kushinda kungehitaji mama aitwe, aape kwa Biblia, aulizwe tena mbele ya watu wasio wa ukoo. Na je, kama angerudia maneno yale yale? Sikuwa na moyo wa kuyasikia mara mbili.

Faili nililifunga nikajiapiza kutolifungua. Nikarudi kwenye bustani ya mtandaoni, na mteja wa kwanza tu akaniuliza, "Mbona umeniweka kwa Wazungu? Nataka kule ulikomweka shemeji yangu." Nikajaribu kutengeneza kibanja kingine cha kubuni, kisicho cha mtu. Kikatoka kama shamba la mitihani ya shule, kila mgomba umesimama wima unasubiri kukaguliwa. Mwezi wa pili nikalifungua lile la zamani. Mteja hana habari na moyo wangu, na tumbo nalo halina habari na heshima. Tangu hapo nawaweka watu kwetu kila wiki. Watu baki wanaingia mahali ambapo mimi naruhusiwa kutembea tu, na nikishamaliza kuwapangia baraza lao nazima kompyuta nakwenda kwenye chumba cha kupanga.

Mama alikuja msimu wa kuvuna kahawa. Ilikuwa kama saa tano asubuhi, hakuna mteja. Aliingia na mkungu mdogo wa ndizi kichwani na maparachichi kwenye mfuko, akakaa kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wange." Akaangalia huku na huku, printa, pazia, feni. "Una hasira na mimi."

"Ndiyo."

"Ni haki yako."

Nikamwambia sitaki haki, nataka sababu. Sauti yangu ilikuwa kubwa mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia. Nikamwambia: ulijua. Kila mgomba uliujua, kaburi ulilijua, wewe mwenyewe ulisema baba asilale kwenye ua wa watu. Ulijua kwamba yule mtoto anasema uongo, ukafagia.

"Nilijua," alisema. "Alikuja kuniambia kabla. Jumatano. Alilia. Alisema asipopata upande ule, uchumba unavunjika, naye anaondoka harudi tena."

"Na wewe ukamwamini."

"Nilimwamini. Namjua niliyemzaa. Huyo ana moyo mwepesi, akiudhika anakwenda moja kwa moja, hata kunizika asingekuja." Akaanza kutoa maparachichi kwenye mfuko, moja moja, akiyapanga kwenye benchi kama anayauza. "Wewe siyo hivyo. Wewe nikikunyima utakasirika, utanitukana moyoni, halafu utakuja. Sasa ningefanyaje? Nilikuwa na mmoja wa kumpoteza na mmoja asiyepotea."

"Ukachagua mimi nipotee."

"Hujapotea," alisema mama. "Uko Kayanga."

Nilimwambia sitakanyaga tena Kiruruma, apige magoti, alie, augue, sitakanyaga. Nilimwambia aende akahudumiwe na mkwe wake kwenye mawe yangu. Sijawahi kumsemea mzazi maneno yale na sijui niliyatoa wapi. Alisubiri nimalize, akaniomba maji, akanywa, akanishukuru. Nikamwitia bodaboda maana mguu ule usingemfikisha stendi, akapanda upande upande akishikilia kitenge chake, akaondoka bila kugeuka nyuma. Mtu huwa anatolewa kwa sababu hapendwi, au kwa sababu amekosa. Mimi nilitolewa kwa sababu nilikuwa nikimpenda mama yangu kiasi ambacho yeye alikuwa na hakika nacho.

Jumatatu iliyofuata sikwenda Kiruruma. Jumatano nilimpigia jirani yetu kuuliza habari ya mvua, akaniambia mama hashuki kitandani, mguu, na mkwe amekwenda kwao. Jumamosi nilifunga duka saa sita, nikanunua sukari, sabuni na dawa ya kuchua, nikapanda bodaboda kwenda Kiruruma. Njia nzima nililia kwa hasira, maana mama alikuwa amepatia.